Nilipoacha Kungoja Kupona

Kama kila asubuhi vidole vyako vinakataa kufunguka, nawe ni mtu uliyekuwa ukiishi kwa vidole hivyo, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mganga, na sina dawa ya kukupa. Nina miaka mingi ya kuishi na maumivu ya viungo, na mambo machache niliyoyajua kwa kuchelewa.

Jina langu ni Mwanahawa, lakini tangu nilipozaa watu huniita Mama Hadija. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Masasi, akanifundisha herufi pamoja na wavulana wake. Ndiyo sababu naweza kuandika. Naandika mistari mitano au sita, kisha naweka kalamu chini na kuuchovya mkono kwenye maji ya moto. Ukiona maneno yamekatika hapa na pale, ujue maji yalikuwa yamechemka.

Nilikuwa mfinyanzi. Wanawake walitoka vijiji vya mbali kuja kuchukua vyungu vyangu, kwa sababu vilikuwa vyembamba na havikuvuja. Ugonjwa ulianza kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, wakati wa kuvuna mtama. Nilikuwa natengeneza mdomo wa chungu, kazi ambayo kidole gumba na cha shahada hubana udongo taratibu huku unakizunguka chungu chenyewe. Vidole vikakataa kubana. Nikadhani ni uchovu, nikaenda kulala. Kesho yake vilikuwa vimevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Masika yalipokuja, vidole vibovu vilikuwa vinane na magoti yameingia. Asubuhi moja nilishindwa kufungua fundo la kaniki yangu mwenyewe. Binti yangu Hadija, ambaye wakati huo alikuwa bado na meno ya utoto, alinifungulia fundo lile kwa meno hayo. Alicheka, akadhani ni mchezo. Mimi nikageuza uso.

Mume wangu, Salumu, hakuwa mtu wa Masasi. Alizaliwa juu, Makote, upande wa Newala, akashuka kwetu, akanioa, akakaa kwenye nyumba ya mama yangu kama desturi yetu ilivyo. Kazi yake ilikuwa upagazi. Alichukua nta na mpira wa porini hadi Lindi, akarudi na chumvi na nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliponiona nimeshindwa hata kusonga ugali, alichukua mwiko, akasonga mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasimwone.

Tukaanza kutafuta dawa. Kwanza tulikunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Masika yakaisha. Kisha nikapigwa chuku, ile pembe ya kunyonya damu, mabegani na magotini, nikatokwa damu nyeusi. Kipupwe kikapita. Kisha tukaenda kwa mganga aliyesifiwa sana, mwendo wa siku nzima.

Pale kwa mganga wagonjwa walikaa kwenye gogo refu kando ya ghala, wakisogea kidogo kidogo kila mtu mmoja alipoitwa. Nilikaa kwenye gogo lile siku mbili. Nilijifunza kwamba hata wagonjwa wana vyeo. Mwenye mtoto wa degedege hupita mbele bila kuuliza. Mwenye kidonda huonewa huruma, kwa kuwa kidonda kinaonekana. Mimi, ambaye siku hiyo uvimbe ulikuwa umepungua, nilitazamwa kama mtu aliyekuja kutembea. Mwanamke mmoja aliniambia pole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umegombana na nani?"

Mganga naye aliuliza hivyo hivyo, kwa njia yake. Alitazama mikono yangu, akatazama kibao chake cha ramli, akamwambia mume wangu, "Kuna mwanamke. Anakaa juu. Ni damu yako."

Salumu alikuwa na dada mmoja tu duniani, Somoe, aliyebaki Makote. Wifi yangu huyo nilikuwa nimemwona mara moja, siku ya harusi.

Tulirudi bila kusemezana. Tulipokaribia nyumbani, Salumu akasema, "Dada yangu ndiye aliyenilea."

"Sijasema kitu," nikamjibu.

"Ndiyo," akasema. "Hujasema kitu."

Alitaka nimwambie kwamba siamini. Sikumwambia. Mtu mwenye maumivu hupenda kujua ni nani wa kumchukia, na mimi nilikuwa nimepewa jina. Nililikumbatia. Kila nilipoamka na ngumi mbili zilizoganda, nilimwona Somoe yuko juu ya kilima chake anazikaza.

Dawa ya mwisho ilikuwa ya misheni. Sisi tulikuwa Waislamu na wengine waliniteta, lakini mguu ukiuma hauulizi dini. Kwenye baraza yao kulikuwa na benchi, nikajua tena kusogea kidogo kidogo. Bibi wa kizungu aliyetibu pale alizishika ngumi zangu kama mtu anayeshika mayai. Akauliza maswali mengi kwa Kiswahili chake cha kujifunza, kisha akasema, "Mama, bibi yangu mimi alikuwa na ugonjwa huu."

"Akapona?"

"Hapana. Aliishi nao mpaka akazeeka."

Alinipa mafuta ya kuchua, akaniambia nikae karibu na moto wakati wa baridi na nivinyooshe vidole kila siku hata vikiuma. Nilitoka pale nikiwa na hasira kuliko siku zote za ugonjwa wangu. Waganga wote waliniambia nitapona, nikawapenda. Huyu mmoja alikataa kunidanganya, nikamchukia yeye. Mafuta yale niliyaweka juu ya dari na sikuyagusa mwaka mzima.

Kisha likaja neno la maji.

Mwanzoni watu walilisema kwa kunong'ona. Kulikuwa na dawa kutoka kaskazini, maji tu, lakini ukinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi anayetutawala inageuka maji. Watu walikuwa wamechoka na kodi, na viboko, na kulima shamba la pamba la mtu mwingine huku lao linaota majani. Wanaume waliongea juu ya risasi. Sisi wanawake tuliongeza mengine. Huyu alisema dawa ile inazuia nguruwe wa shambani, yule alisema inaondoa uchawi wa kila namna. Niliposikia hilo la uchawi sikulala vizuri tena.

Mdogo wangu wa kiume, Athumani, alikuwa anakwenda kuyachukua upande wa Nanganga. Salumu alikuwa safarini Lindi. Nikamwacha Hadija kwa jirani, nikamwambia Athumani, "Nakwenda nawe."

"Dada, ni mwendo wa siku mbili."

"Kwa miguu yangu ni siku nne. Utaningoja?"

Akaningoja. Alikuwa mcheshi, kijana wa kupenda nguo nzuri, mwenye sauti kubwa. Kila niliposimama alisimama, akajifanya anatoa mwiba mguuni ili nisione haya. Nadhani katika safari ile alitoa miiba arobaini.

Mtu wa maji alikuwa amekaa uwanjani na chungu mbele yake. Nilikitazama chungu kwanza, kwa tabia ya kazi yangu. Kilikuwa kibaya, mdomo umepinda. Alitupa masharti: usilale na mtu, usichukue cha mtu, ukishapewa usitazame nyuma mpaka ufike kwenu. Zamu yangu ilipofika nikamwuliza, "Na viungo?"

Akanitazama mikono. "Mama, kinachozuia risasi kitashindwa na vidole?"

Nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya mtama na udongo. Tukarudi, na njia nzima nilihisi magoti yangu yana nafuu. Sidanganyi, nilihisi hivyo. Tumaini ni dawa kali, linafanya kazi siku mbili, hata tatu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani niliamka na ngumi mbili zilizoganda, kama kawaida. Nikangoja. Asubuhi ya tatu nikaenda kwa Athumani. Alikuwa anafunga mishale, na shingoni amevaa kibuyu kidogo cha maji yale. Nikamwekea mikono yangu mbele ya uso.

"Tazama. Tulikunywa chungu kimoja, mimi na wewe, siku moja. Tazama hii mikono."

Akaitazama. Niliona hofu ikipita machoni mwake, fupi. Kisha akasema, "Ulitazama nyuma, dada."

Na kweli nilikuwa nimetazama. Nilijikwaa kwenye mzizi tukiwa karibu na mto, nikageuka kidogo kuona kilichonikwaza. Yeye aliniona.

"Ndiyo sababu," akasema, na uso wake ukafurahi tena. "Dawa haina kosa. Wewe ndiye uliyeiharibu."

Nilikuwa na maneno ya kusema. Ningeweza kusema kwamba maji ni maji. Lakini nami nilijilaumu; nilifikiri labda ni kweli, labda ningeshapona kama si kugeuza shingo. Nikanyamaza. Nikamwombea dua, akaondoka na wenzake akiimba.

Hakurudi. Mmoja aliyerudi alitusimulia jinsi bunduki za askari zilivyowaangusha kama mtama chini ya mundu, na wao bado wakipaza sauti wakiita maji. Alituletea kile kibuyu cha shingoni. Kilikuwa bado na maji ndani.

Kwa miaka mingi nilijitesa kwa jambo hili. Mikono yangu ilijua ukweli kabla ya wanaume wote wa Masasi, na mimi sikuisemea. Sasa nadhani hata ningesema asingesikia. Lakini sina hakika, na nimejifunza kuishi na kutokuwa na hakika vilevile ninavyoishi na magoti.

Nyumba za mtaa wetu zilichomwa. Ni nani aliyezichoma, nilisikia majina mengi, na sitayaandika. Tulilala porini siku tisa. Salumu alitukuta huko. Alikuwa amepita msituni kutoka Lindi, nguo zimechanika, hana mzigo. Alikaa chini, akamweka Hadija mapajani, akasema, "Tunakwenda juu."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

Nilijua. Nilitaka kusema heri nife hapa, lakini mtoto alikuwa ananitazama. Tukaenda. Penye tambarare Salumu alimbeba Hadija, nami nikajikongoja kwa fimbo. Tulipofika penye mwinuko wa mwisho, mahali njia inaposimama kama ukuta, alimteremsha mtoto atembee, akanigeuzia mgongo, akachutama.

"Panda."

"Watu watatuona."

"Nimebeba nta ya watu miaka kumi," akasema. "Panda."

Somoe alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ndonya, pambo la mti, kwenye mdomo wa juu kama wanawake wa kule. Aliniita wifi, akanipa kigoda, akanipa uji. Nilitazama uji ule kwa muda mrefu kabla ya kuunywa. Naye aliniona ninavyoutazama.

Haikupita miezi miwili, boma likakusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya askari waliowafuata wapiganaji kusini na magharibi. Salumu akachukuliwa. Nikabaki mimi, mtoto, na mwanamke ambaye kwa maneno ya mganga ndiye aliyenifunga viungo.

Mtu asiyeijua Newala hawezi kuelewa thamani ya maji pale. Ardhi ya juu ni nzuri kwa mihogo na kunde, lakini maji yako chini bondeni. Wanawake huondoka jogoo anapowika, wanateremka kwa kushika mizizi, wananyang'anyana zamu penye kisima chenye maji haba, kisha wanapanda tena na mitungi kichwani, wanafika jua limeshakuwa kali. Kila tone lina shingo ya mtu ndani yake. Na mimi sikuweza kuteremka hata hatua ishirini.

Basi nikaacha kunywa. Sikuacha kabisa; nilikunywa fundo moja asubuhi na moja jioni, na nilipooga nilitumia kitambaa kilicholoweshwa. Midomo ikapasuka. Viungo vikazidi. Nilidhani hakuna anayeona.

Siku moja Somoe alirudi kutoka bondeni, akatua mtungi, akachota kata iliyojaa, akaja kusimama mbele yangu huku jasho linamtiririka.

"Wifi, niambie leo. Hunywi maji yangu kwa sababu unadhani nimetia kitu, au unaona haya?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Yote mawili," nikasema.

Akakaa chini kwa kishindo. "Salumu aliniambia maneno ya yule mganga. Aliniambia siku mliyofika, ili nisiyasikie kwa wengine." Akanywa nusu ya kata, akapangusa mdomo. "Sikiliza. Mimi sijui kuloga. Ningejua, unadhani ningeanza na vidole vya mtu wa Masasi niliyemwona mara moja? Ningeanza na ile njia ya kisimani. Ningeiloga mpaka kisima kipande juu chenyewe."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba wa Athumani, na kicheko kiliuma mpaka kwenye mabega. Akanipa kata. Nikanywa nusu iliyobaki, yote. Tangu siku hiyo sikumwuliza tena nani aliyenifunga. Sikupata ushahidi wowote, si wa kumtia hatiani wala wa kumtoa. Nilichoka tu kumchukia mtu aliyeninyweshea mtoto wangu.

Njaa ya baada ya vita ilitukuta huko. Mashamba mengi yalikuwa hayakulimwa, na kilicholimwa kilichukuliwa. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba vinavyochimbwa kwa jasho. Somoe na wanawake wenzake walichimba, mimi nikakaa na rundo mbele yangu, nikamenya kwa kubana kisu katikati ya viganja viwili. Nilikuwa polepole kuliko watoto. Kisha kikaja kipupwe, na ukungu wa kule juu unaoingia mpaka ndani ya mfupa.

Kipupwe kile ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Nilikonda, nywele zikakatika, viwiko vikakataa kunyooka. Nilitaka kufa. Nalisema wazi kwa sababu najua baadhi yenu mnalitaka na mnadhani ni nyinyi peke yenu. Kila asubuhi nilifumbua macho na kuuliza, je, ni leo? Nilimaanisha, je, leo nitaamka na ile mikono yangu ya zamani? Miaka mitatu nilikuwa nimeuliza hivyo kila siku, na kila siku nikajibiwa hapana kabla ya kunawa uso.

Somoe alikuwa akinipashia mchanga kwenye kigae, anaufunga kwenye kitambaa, ananiwekea magotini. Asubuhi moja aliniuliza, "Athumani ulimlilia?"

"Ulinisikia."

"Nilikusikia. Tulikaa matanga hapa mlipofika, tukalia, tukala, watu wakaenda zao. Na hiyo mikono yako uliilia lini?"

Sikuelewa.

"Imekufa, wifi. Ile mikono iliyofinyanga vyungu vyembamba imekufa. Wewe umekaa mlangoni unaingoja kama msafiri. Maiti haingojwi. Inaliliwa, inazikwa."

Nilimkasirikia, kama nilivyomkasirikia yule bibi wa misheni. Niligeukia ukutani. Lakini machozi yalikuja, nikalia mpaka adhuhuri. Nililia kila chungu, nikakilia kidole kimoja kimoja. Hadija aliogopa; Somoe akamchukua, akamwambia, "Mwache mama yako, ana msiba." Jioni Somoe aliniletea chakula kama anavyoletewa mfiwa. Hakucheka hata kidogo.

Sikuamka kesho yake nikiwa mtu mpya. Maumivu yalikuwa yale yale. Ila nilipofumbua macho sikuuliza je, ni leo. Niliuliza, leo mikono hii inaweza nini? Ilikuwa inaweza kidogo sana. Lakini jibu halikuwa hapana.

Nikamwomba Somoe aniletee udongo. Alileta kikapu kimoja, wa kule juu, mwekundu, si kama wetu. Vidole havikufaa, nikatumia visigino vya viganja. Penye kubana nikatumia kiwiko, penye kulainisha nikatumia mkono wa mbele wote, nimeukumbatia mtungi kama mtoto mkaidi. Zamani chungu kilinichukua asubuhi moja. Huu ulinichukua siku kumi na tisa, na siku nane kati ya hizo sikuugusa kwa maumivu. Nao ulipasuka motoni. Nikaanza wa pili. Ulikuwa mnene, mzito, umeinama upande mmoja, na kama ningeuona Masasi kwa mfinyanzi mwingine ningemcheka. Lakini haukuvuja.

Masika yalipoanza tukauweka chini ya ukingo wa paa. Maji ya nyasi za paa huwa ya kahawia, yana harufu ya moshi, lakini yanafaa kufulia na kuoshea, na ukiyachemsha unayanywa. Baada ya mvua mbili ulijaa. Kesho yake jogoo aliwika, wanawake wakapita wakiita, na Somoe akawajibu kutoka ndani, bila kuinuka, "Leo siendi." Alilala mpaka jua likaingia mlangoni. Nilikaa kando yake, nikimsikiliza anavyokoroma, na sijawahi kusikia sifa ya kazi yangu iliyonipendeza kuliko ile.

Salumu alirudi mwisho wa masika hayo. Alikuwa amezeeka, na bega moja limeshuka. Nilipomwona niliinuka kwa fimbo, yeye akanitazama miguu yangu iliyopinda, mimi nikatazama bega lake.

Siku chache baadaye mjomba wake, Mzee Chilumba, alikuja na wazee wawili. Nilijua kilichowaleta. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakakaa barazani. Mzee Chilumba hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi.

"Mwanangu Salumu," alisema, "vita imekwisha, sasa mtu anajenga. Nyumba ya huku juu inasimama kwa mwanamke wa kuteka maji. Dada yako anateka ya nyumba mbili, yake na yenu, naye si chuma. Mkeo ni mtu mwema, lakini ni mgonjwa. Ama arudi kwao apate kutibiwa vizuri, nawe utamfuata atakapopona, ama tukutafutie mwingine." Akanigeukia mimi, kwa heshima. "Mama Hadija, tuambie wewe mwenyewe. Unaonaje? Utapona lini?"

Salumu alifungua mdomo. Nikamwekea mkono gotini anyamaze. Miaka yote swali lile lilipoulizwa nilijibu, inshallah, mwezi ujao, masika yajayo, dawa mpya inakuja. Nilihisi jibu lile likinijia mdomoni lenyewe.

"Sitapona, Mjomba," nikasema.

Wazee wakatazamana.

"Nimetibiwa kwa kombe, kwa chuku, kwa mganga, kwa misheni, na kwa maji yaliyomuua ndugu yangu. Sitapona. Sitateremka kisimani mwaka huu wala mwaka mwingine. Naweza kumenya, naweza kupika nikiwa nimekaa, naweza kufinyanga mtungi mmoja kwa mwezi, wa sura mbaya. Zipo siku ambazo siwezi hata hayo, na siku hizo nitalala, na mtu atanipa chakula. Hivyo ndivyo nilivyo. Mkinitaka, nitakeni hivi. Msinitake kwa ajili ya yule atakayepona, kwa sababu huyo haji."

Sikuwahi kuyasema maneno yale kwa sauti, na nilishangaa kwamba baada ya kuyasema paa lilikuwa bado lipo mahali pake.

Mzee Chilumba akachora chora chini kwa fimbo. "Maneno yako ni ya kweli," akasema mwisho. "Lakini ukweli hautuletei maji."

Somoe, aliyekuwa amekaa kando, aliinuka, akachukua mtungi wake kama siku zote. Ndipo Salumu naye akainuka. Aliingia ndani, akatoka na ule mti wake wa upagazi, akafunga kibuyu kikubwa upande huu na kingine upande ule, mzega kamili. Akauweka kwenye bega lile zima.

"Wewe unakwenda wapi?" mjomba wake akauliza.

"Kisimani."

"Hakuna mwanamume anayeteka maji huku."

"Nimewatekea askari zaidi ya mwaka kwa kupigwa," Salumu akasema. "Nyumbani kwangu nateka bila kupigwa."

Akampita mjomba wake kwa heshima, ameinama kidogo, akamfuata dada yake kwenye njia ya kuteremkia. Wanawake waliokuwa wakipita waliangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele cha dhihaka. Hakugeuka. Mzee Chilumba aliwatazama mpaka walipotoweka ukingoni, kisha akakohoa, akaniuliza kama kuna uji.

"Upo, Mjomba," nikasema. "Lakini nainuka polepole. Utaningoja."

Akaweka fimbo yake chini, akaningoja.